Siku Niliyofuta Faili la Nyota

Dada Mwanaidi,

Sina namna ya kuizunguka habari hii, kwa hiyo naanza nayo yenyewe. Nimefuta sauti yako. Ile ya mwisho, uliyoiacha bila kujua kama umeiacha. Nimeifuta kwa mkono wangu, akili zangu zikiwa kichwani, na tangu siku hiyo sijaweza kusema neno mbele ya kaburi lako. Nakuja, nang'oa majani, naondoka. Mdomo haufunguki. Labda kalamu itafunguka.

Tangu tukuzike, ofisi ilikaa imefungwa. Ufunguo ulikuwa kwangu, lakini nikienda sokoni nilizunguka kwa juu, njia ya kanisani, ili nisipite mbele ya ghala. Ghala lenyewe lingali vilevile, la ushirika wa zamani, na upande wa mbele wamepanga wale wanunuzi binafsi wa kahawa. Chumba chetu cha mwisho walituachia kwa sababu kinavuja na hakifai kuwekea magunia. Msimu huu wanunuzi wamezidi. Kila kona kuna mgeni na mzani wake, na wazee wa Matiri wanashusha mizigo huku wanauliza kwa huyu na kwa yule kama wanaochagua vitenge. Baba angeshangaa. Yeye alipeleka kahawa yake ushirika maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumbembeleza.

Nilifungua baada ya arobaini yako. Chumba kilinuka panya. Kanga yako ilikuwa bado imetundikwa dirishani kuzuia upepo, na kipaza sauti kilikuwa kimelala mezani, waya wake umechomekwa kwenye kompyuta. Hakuna aliyekumbuka kuuchomoa. Siku ile walikubeba haraka.

Kazi yetu unaijua kuliko mimi, lakini niache niitaje, maana nikiitaja napata nguvu ya kuendelea. Watu walikuja kwenye chumba kile wakiwa wamekonda, wameshikwa mkono, wengine wamebebwa. Na wewe, nesi kutoka Tanga, uliyeletwa huku na serikali ukakataa kuhamishwa, uliwakalisha mbele ya kipaza sauti ukawaambia, "Sema na mwanao. Sema kama yuko hapa." Mzazi anasema, kompyuta inarekodi. Mzazi akishaondoka duniani na mtoto akipata akili ya kuelewa, anakuja kusikiliza. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Mwanzoni tulitumia kaseti, mpaka redio ikaanza kutafuna utepe na fundi wa Songea akatuhamishia kila kitu kwenye kompyuta. Aliahidi kutuletea kifaa cha kunakili kwenye CD. Mpaka siku ninayokusimulia alikuwa hajaleta. Sauti zote, za Ukata, za Tingi, za ziwani, zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya lile sanduku la bati.

Nikaiwasha. Kioo cheusi, maandishi meupe, hakuna picha wala madirisha, ile sura yake inayowafanya wageni waulize kama imeharibika. Ikaniandikia kwamba diski imejaa. Nikadhani nimesoma vibaya. Siku uliyoanguka ilikuwa na nafasi nyingi tu, ulikuwa umeniambia mwenyewe.

Nikaiamuru inionyeshe mafaili. Majina yakashuka, ya watu wetu wote. Lakini juu kabisa, kabla ya Adelhaida, palikuwa na nyota. Nyota peke yake, bila herufi. Na lilikuwa kubwa, Dada, kubwa kuliko mafaili mengine yote ukiyajumlisha. Chini yake kulikuwa na jingine la ajabu, kistari na herufi f, tupu, halina kitu ndani.

Nilijua papo hapo ni vidole vya nani. Kisukari kilikuwa kimeshakula macho yako, ukawa unapapasa herufi kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na mimi nikijitolea kukuandikia unaniambia, "Skola, bado sijafa." Ukawa unawapa watu namba au herufi moja kwanza, jina unalirekebisha baadaye. Ile programu fupi ya fundi inauliza tu jina la sauti, na chochote utakachoandika inakipokea. Nane na nyota zinakaa kwenye kitufe kimoja. Ulitaka nane, ukawa umeshikilia kile kitufe cha pembeni. Ukapata nyota, ukaanza kurekodi, ukasahau kusimamisha.

Nikaifungua ile programu ya kusikiliza. Ikauliza jina, nikaandika nyota.

Kwanza ilikuja pumzi. Halafu wewe: "Haya, imeshika au haijashika?" Halafu kiti kikilia. Nikakaa chini, sakafuni, sijui kwa nini sikukaa kwenye kiti.

Miaka yote ile hukuwahi kukaa upande ule wa kipaza sauti. Nilikuambia mara nyingi, ukanijibu, "Mimi sina mtoto, nimwachie nani?" Kwa hiyo mwenye sauti za watu wote hukuwa na sauti yako. Na sasa ilikuwa hii. Ulikuwa unaimba chinichini ule wimbo wa harusi wa kwenu ambao hukutaka kunifundisha maneno yake. Ulimfukuza kuku. Ulitawadha, nikasikia maji kwenye beseni, na baadaye paji lako likigusa mkeka, au labda nilidhani tu. Kisha mlango ukalia, ukasema, "Skola, ndiye wewe?"

Sikuwa mimi. Siku ile nilikuwa Ukata, nachuma kahawa ya mama. Ulinyamaza, kama mtu anayesubiri kuitikiwa, halafu ukasema, "Haya, upepo."

Nilirudia kipande hicho, nikakirudia, mpaka wanunuzi wakazima jenereta yao na umeme wetu ukaondoka nao. Sikufika kule mbele. Sikutaka kufika pale ulipoanguka. Nilijiambia wiki ijayo nitaipeleka kompyuta Songea, fundi anakili faili lako, kisha tutafuta na kupata nafasi. Nililala na mpango huo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nililala kweli.

Asubuhi yake wakaja wanawake wawili kutoka Lituhi. Walikuwa wamepanda na gari la usipa, wale dagaa wa ziwani, na harufu ya samaki iliingia kabla yao. Mmoja alikuwa mkubwa, mwenye mabega. Mwingine alikuwa amejifunga shuka mbili, na alipoketi aliketi kwa awamu, kama anayeshusha mzigo wa vyombo. Dada yake alimtambulisha: Mama Vero. Mtoto wake Veronika wamemwacha kwa bibi. Ana miaka mitatu.

Wakaniuliza, "Nesi Mwanaidi yuko?"

Walikuwa hawajui. Nikawaambia. Yule mkubwa akashika kichwa. Mama Vero akasema pole, na hata hiyo pole ilimchosha. Sauti yake ilitoka kama ya mtu anayenong'ona huku anapanda mlima. Nikajua tuna maneno machache, na kila neno analolitumia kunisalimia mimi linapungua kwa mtoto.

Na bado, Dada, nilimdanganya. Nilimwambia kompyuta ni mbovu, arudi wiki ijayo.

Akaniangalia bila kukasirika. "Dada yangu, unaniona nina wiki ijayo?"

Ikabidi niseme ukweli. Nikamwambia mashine imejaa, na kilichoijaza ni sauti ya Nesi Mwanaidi mwenyewe, siku yake ya mwisho, na hakuna nakala nyingine popote. Nikamwambia ili kumrekodi yeye lazima nikufute wewe. Nilidhani atasema basi. Nilitaka aseme basi, nitubu kwa hilo siku moja.

Alikohoa kwanza, kwenye kitambaa, akakikunja dada yake asione. Halafu akasema, "Wewe mwenzako unamkumbuka. Wangu hatanikumbuka."

Nikainuka.

Nilitoka nje. Bwana Hyera, yule mlinzi wa jenereta, alikuwa amekaa juu ya pipa. Nikamwamkia, "Shikamoo," nikamwomba simu yake, na nikamuuliza leo wanazima saa ngapi. Akanyoosha kidole kwenye lori. "Likishapakiwa hilo, nazima. Mafuta siyo yangu, mama." Vijana walikuwa wanapandisha magunia. Kila gunia lilipodondoka juu ya lori niliusikia mshindo wake kifuani mwangu.

Nilipanda kichuguu cha nyuma, pale mtandao unaposhika, nikampata fundi Songea. Alikuwa barabarani, kelele tupu. Nikamweleza haraka: kuna faili linaitwa nyota, nataka nilifute hilo tu. Akasema, "Rahisi. Andika rm, acha nafasi, weka nyota, bonyeza Enta, kwisha." Nikashukuru. Nilikuwa nimeanza kushuka niliposikia anaita, "Lakini ngoja, Skola, sikiliza, usi..." Mtandao ukakata. Nikapiga tena, haukuingia. Nikapiga tena. Mshindo wa gunia. Nikarudisha simu.

Ndani, wale wawili walikuwa wananingoja. Nikakaa kwenye kiti chako. Nikaandika rm, nikaacha nafasi, nikaweka nyota. Kidole kikawa juu ya Enta.

Ndipo nikakuona, Dada. Siyo kwa macho. Nilikumbuka siku ile ulipotengeneza sanduku la mazoezi ndani ya kompyuta na kuniambia niandike humo chochote nipendacho, kila kitu faili lake. Niliandika nyimbo za kwaya, mapishi, majina ya wajomba zangu, barua ya kumtania mchumba. Nilihangaika nayo siku nzima. Jioni ukaniambia andika rm, nafasi, nyota. Nikabonyeza. Hakuna kilichotokea. Kioo hakikusema neno. Nikauliza, "Imefuta nini?" Ukasema, "Angalia." Hapakuwa na wimbo, mapishi, wala mjomba. Nikakasirika mpaka machozi, na wewe hukunibembeleza. "Kwa mashine hii nyota maana yake ni wote. Wote waliomo. Na ikifuta haipigi yowe, Skola, inanyamaza tu. Bora uchukie leo, kwa barua zako za kijinga."

Nikaondoa kidole. Nikaifuta ile amri herufi kwa herufi, nikirudi nyuma, naogopa hata kugusa kitufe cha jirani. Dada yake Mama Vero aliinuka kuuliza kama naumwa.

Hilo ndilo fundi alilokuwa akiniitia kutoka barabarani, nikaja kujua baadaye. Alikuwa amekumbuka kwamba amri aliyonipa ingewafuta wote.

Sasa nifanyeje? Kulikuwa na njia uliyonifundisha, ya kuweka kistari na herufi i, ili mashine iulize kwa kila faili kabla ya kulifuta. Nikafurahi. Nikaandika: rm, kistari i, nyota. Itauliza mmoja mmoja, nitakataa kwa wote, nitakubali kwa nyota. Kidole kikarudi kwenye Enta.

Lakini ulikuwa na ile tabia yako, ya kuiambia mashine itaje majina kwanza kabla ya kuiamuru lolote juu yake. Ulikuwa unanichosha nayo. Nikajilazimisha. Nikaacha amri, nikaiambia itaje tu. Ikataja: nyota, kistari f, Adelhaida, Betina...

Kistari f.

Nikaganda. Maana i ni ya kuuliza, na f, ulinieleza mwenyewe, ni ya kulazimisha: usiniulize, fanya. Ningebonyeza, ile nyota yangu ingegeuka kuwa majina yote yaliyomo, na mashine ingelikuta lile jina lako bovu katikati yao na kulidhania ni amri. Ingeacha kuuliza. Ingewafuta wote, kimya kimya, na mimi nikiwa nimekaa nasubiri swali la kwanza.

Nilikukasirikia, Dada. Nakuambia ukweli, nilikukasirikia vibaya. Nilikaa mbele ya mtu anayekufa nikawa nakugombeza moyoni: kwa nini ulikuwa mbishi, kwa nini hukukubali nikuandikie, ona sasa ulivyoniachia mtego kwenye nyumba yako mwenyewe. Nililia kidogo. Mama Vero akasema, "Pole pole, dada. Nipo." Yeye ndiye aliyenituliza mimi.

Nje, mishindo ilikuwa imepungua. Walikuwa wanafunga turubai.

Nikajaribu kufikiri jinsi ulivyokuwa unafikiri. Ulinifundisha kwamba jina likiwa na sura ya ajabu, ionyeshe mashine kwanza mahali lilipo: nukta, kisha mkwaju, ule mstari wa mshazari, kisha jina. Nukta na mkwaju maana yake ni hapa hapa. "Ukimwambia hapa hapa, anaelewa ni mkazi wa nyumba, siyo amri." Jina likianza na nukta na mkwaju, halianzi tena na kistari. Nikaandika polepole: rm, nafasi, kistari i, nafasi, nukta, mkwaju, nyota. Nikasoma. Nikasoma tena nikigusa kioo kwa kidole. Nikafanya ishara ya msalaba. Nikabonyeza.

Mashine ikauliza: nifute nyota?

Na hapo nikakwama upya. Ilikuwa inauliza kuhusu nyota lile faili, au nyota wote? Kwenye kioo zinafanana. Hakuna tofauti, Dada, ni alama ileile. Ningesema ndiyo na ikawa imeuliza wote? Nilikaa pale jasho likinitiririka mgongoni katika baridi ya Mbinga. Nikaamua kukataa, nione itauliza nini baadaye. Nikaandika hapana.

Ikauliza: nifute kistari f? Nikasema ndiyo. Ule mtego ukaondoka, na kioo hakikusema kitu.

Kisha ikauliza: nifute Adelhaida?

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kwamba ingewaita kwa majina. Adelhaida wa Ukata, aliyetaka tumfungie mlango ili asisikike akiwaimbia mapacha wake. Hapana. Nifute Betina? Betina aliyesema neno moja kisha akalala mezani, na wewe ukakataa nisimamishe, ukasema hata pumzi waachie. Hapana. Nifute Ditrick? Mwalimu Ditrick, aliyekuja amevaa tai, akamfundisha mwanawe jinsi ya kunyoa ndevu ambazo mtoto hakuwa nazo. Hapana. Fidelia. Hapana. Gaudensi, ambaye alicheka mwanzo hadi mwisho. Hapana. Hapana. Kila jina lilikuja peke yake kuniuliza kama liishi, na mimi nilikuwa nabonyeza kitufe kilekile, naogopa mkono usizoee, usije ukateleza pembeni. Kufika kwa Rehema wa Tingi nilikuwa nasema hapana kwa sauti. Dada yake Mama Vero akaanza kuitikia nami bila kujua ni nini.

Majina yakaisha. Wote walikuwepo. Sasa nilijua: inauliza mmoja mmoja, na nyota ya kwanza ni wewe peke yako.

Nikaiandika amri upya. Ikauliza: nifute nyota?

Ningependa kukuambia nilisema maneno mazuri. Sikusema. Nilifikiria ule wimbo, na kwamba sikuwa nimeyashika maneno yake. Nilifikiria "Skola, ndiye wewe?" Nikaitikia, hapo kwenye kiti, kwa mdomo, "Ndiyo, Dada, ni mimi." Nikabonyeza ndiyo.

Mashine ikanyamaza.

Kisha ikaniuliza Adelhaida, nami nikaisimamisha kabla haijaendelea. Nikatazama majina. Walikuwepo wote, ila wewe. Nafasi ilikuwa imerudi, tele.

Sikuwa na muda wa kulia. Nikavuta kipaza sauti, nikamsogezea Mama Vero mpaka kikagusa kidevu chake. Nje injini ya lori ikawaka. Nikaandika jina lake, herufi kwa herufi. Nikamwambia maneno yako, sikuwa na mengine: "Sema na mwanao. Sema kama yuko hapa."

Alisema kwa Kinyasa. Kimatengo changu kilishika nusu tu, na nusu hiyo siyo yangu kuisimulia. Lakini alimwita mtoto kwanza, kama mama anavyomwita mtoto aliyecheza mbali na chakula kimeiva. Alimweleza mambo madogo madogo. Alisimama kuvuta pumzi, akaendelea. Nilikuwa natazama taa ya chumba. Nilisikia lori likigeuka, nikasikia geti. Taa ikafifia, ikarudi. Mama Vero aliona nilivyoshtuka, akanitazama, na hakukatisha. Alimaliza sentensi yake taratibu, akaongeza na nyingine, kisha akaniinulia mkono kwamba basi.

Nikasimamisha. Nikatazama orodha: Mama Vero, lina uzito, limeingia. Nikazima mashine kwa utaratibu wake wote. Bwana Hyera alipokuja mlangoni kusema anazima, akatukuta tumekaa watatu. Baadaye aliniambia lori liliondoka kitambo, aliona wageni wetu kupitia dirishani akajifanya anasafisha chujio.

Mama Vero aliondoka duniani kabla ya mvua za kwanza. Dada yake alituma ujumbe na dereva wa gari la usipa. Na fundi amekuja, Dada, na kifaa amekileta. Siku ile alipiga simu mpaka akampata Bwana Hyera, akauliza kwa hofu kama nimebonyeza, nikamwambia sikubonyeza. Alipofika alijaribu pia kukutafuta ndani ya diski, kwa njia zake. Hakukupata. Pale ulipokuwa pameshaandikwa mengine juu yako.

Mwezi uliopita niliteremka Lituhi mwenyewe na CD, na redio ya kuazima parokiani. Nilijua mtoto ni mdogo mno, kwamba wewe ulikuwa unasubiri wakue. Lakini bibi yake aliomba asikie yeye, ahakikishe kama ni mwanawe kweli. Tulikaa uani. Veronika alikuwa upande wa pili, anapanga mawe madogo, hatujali. Nikawasha. Sauti ikaita, "Vero! We Vero!"

Mtoto akaitikia, "Abee, mama." Akaacha mawe, akaja mbio.

Bibi akajifunika uso na upande wa kanga. Mimi nilibaki nimeshika redio, sijui niizime au niiache. Mtoto alisimama katikati yetu, akasikiliza mpaka mwisho, bila kucheka wala kulia, halafu akaketi kwenye miguu yangu akaniambia nirudie.

Nimerudia, Dada. Jua lilizama ziwani nikiwa narudia.

Sikuombi unisamehe, kwa sababu najua ungefanya haraka kuliko mimi, na ungenicheka kwa kulia juu ya kuku na beseni. Ila nakukosa. Mlango wa ofisi ukilia naitikia kabla sijageuka.

Lala sasa. Majani nitang'oa, na safari hii nitasema. Msimu ukiisha nitasafiri mpaka Tanga, nimtafute mama yako ambaye hakuweza kuja kukuzika. Nitakaa naye chini, na kila nilichokisikia siku ile, ulivyomfukuza kuku, ulivyosali, ulivyoniita, nitamwambia kwa mdomo wangu. Nikifika kwenye wimbo nitauimba bila maneno, na nitamwomba yeye anifundishe.

Mdogo wako,
Skolastika